Vidole Vinne Mkononi

Jina langu nililipata kwa kulia. Nilipozaliwa nililia siku mbili, ziwa nakataa, kila anayenibeba namlilia, mpaka bibi, mama yake baba, akanipakata na kuanza kunitajia majina ya marehemu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine. Kwetu Usukumani mtoto akilia hivyo husemwa anadai jina. Alipolitaja la shangazi yangu, dada yake baba, nikanyamaza. Mama anasema nilinyamaza kwa kuchoka. Bibi anasema nilimtazama usoni kama mtu anayemfahamu. Vyovyote vile jina likawa langu, na kwa miaka kumi na sita nimeitwa kwa jina la mtu ambaye nyumbani haongelewi. Sitaliandika hapa. Hata kwenye madaftari ya shule naliandika kwa herufi ndogo, pembeni.

Alama zilianza nikiwa kidato cha pili. Tunakaa Nyahanga, Kahama mjini, mimi na mama. Baba yuko machimboni upande wa Geita, anakuja akija. Mwanzoni nilidhani ni benchi la darasani linaloniumiza mapaja. Alama ilikuwa inatokea bila mimi kukumbuka kujigonga, inakuwa ya bluu, kisha inageuka manjano kama dawa ya kidonda iliyokauka. Halafu miguuni vikatokea vitone vyekundu, vidogo sana, kama mtu kanichoma kwa ncha ya kalamu nilipokuwa nimelala. Ukivibonyeza havipotei.

Mwalimu wa malezi aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani ananipiga nyumbani. Mimi ni mtu wa aibu, nikiulizwa swali ghafla ulimi unakwama. Nilitazama sakafu. Yeye akachukua ule ukimya kuwa ndiyo. Mama akaitwa shuleni, mama ambaye hajanipiga hata kofi tangu nikiwa darasa la tatu, akakalishwa mbele ya walimu wawili kama mtuhumiwa. Alirudi nyumbani, akapika, akanipakulia. Siku hiyo nilijua kwamba nikinyamaza, ukimya wangu unakwenda kwa watu peke yake na kuwaambia mambo ambayo sijautuma.

Sikujifunza lakini. Mwezi uliofuata siku zangu zilikuja na hazikuondoka. Siku ya tano, ya saba, ya kumi. Nilichana khanga kuukuu, nikawa nafua vipande alfajiri kabla mama hajaamka. Siku ya kumi na moja nilianguka mstarini, wimbo wa taifa ukiwa katikati.

Hospitali walinitoa damu, na pale sindano ilipopita pakaendelea kutoka. Nesi akanipa pamba akasema bonyeza, usiachie. Nilibonyeza mpaka kidole kikafa ganzi. Majibu yalipokuja, daktari aliyaweka mezani na kuyaelekeza kwa mama. Alisema kwenye damu kuna chembe ndogo ambazo kazi yake ni kuziba tundu, mtu akikatwa zinakimbilia pale zinashikana. Mtu mzima huanzia mia na hamsini. Mimi nilikuwa na kumi na mbili.

"Elfu kumi na mbili, ukitaka kuhesabu vizuri," alisema. "Lakini ni kidogo mno."

Akaeleza kwamba mwili wangu wenyewe ndio unaozila. Hauzijui kuwa ni zake. Unaziona kama wageni. Neno hilo lilinikaa. Kisha akamuuliza mama kama kwenye ukoo aliwahi kuwepo mtu aliyetokwa damu isiyokoma.

"Hakuna," mama alijibu.

Hakudanganya. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Tuliondoka na vidonge na karatasi. Vidonge vya asubuhi, nikishakula, nisije nikaviacha ghafla hata nikijiona mzima. Vilinivimbisha uso, na darasani wakaanza kuniita Andazi. Karatasi ilikuwa na mambo mengine. Mswaki laini. Netiboli basi. Kichwa kikiuma ni paracetamol tu, si aspirini, si diklofenaki, ambayo huku kwetu watu wanaimeza kama pipi, hasa wachimbaji wenye migongo. Nisichomwe sindano ya msuli wala kung'olewa jino kabla sijasema nina nini. Kichwa kikiniuma kupita kawaida, au choo kikiwa cheusi, au damu ikikataa kukoma, ni hospitali saa hiyo hiyo. Daktari alikuwa mtu wa huku huku, msemaji wa Kisukuma. Mstari wa mwisho aliuandika bila kuulizwa na kuupigia mstari chini: *Asichanjwe chale.*

Ilipofika likizo ya Desemba chembe zangu zilikuwa zimefika thelathini na nane. Mama alikuwa anapeleka mchele machimboni na kumwona baba, na hakutaka kuniacha peke yangu mjini. Ikaamuliwa niende kwa bibi, kijijini, ng'ambo ya Kagongwa. Karatasi aliitia kwenye daftari langu. Bibi hajui kusoma, kwa hiyo kazi ya kumsomea ilikuwa yangu.

Mvua ilikuwa imenyesha. Bodaboda ilisimama uwanjani kwa bibi, mimi nikashusha mguu kwenye tope, ukateleza. Bibi alikuwa ameshafika. Alinidaka mkono juu ya kiwiko, akanishika, akaniinua kama gunia la karanga. Mkono wa bibi ni mkono wa jembe. Kidole chake cha tatu kina upungufu, ncha ilikwenda na mundu alipokuwa msichana, na ana nguvu kuliko baba. Nilisikia maumivu yakizama mpaka kwenye mfupa, nikajua kabisa kesho patakuwa na alama.

"Mwadila, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma, ananiita mama, hajaniachia bado, anacheka. "Umekuwa mnene, lakini miguu haina kazi."

"Shikamoo bibi."

Ningesema nini? Shikamoo, na umeniumiza? Nilicheka naye.

Jioni hiyo kabla jua halijazama alikaa kubangua karanga, nikamsomea karatasi. Vidonge. Mswaki. Sindano. Alikuwa anaitikia kila kipengele, "Eee," kama yuko kanisani. Nilipofika mstari wa mwisho macho yangu yakaenda kwenye viganja vyake. Kwenye kila kifundo cha mkono ana chale mbili, zimeinuka kama punje za mtama. Baba anazo. Kila mtu wa nyumba ile anazo. Niliona mstari ule kama tusi, kama nimekuja na karatasi ya mjini kumwambia bibi kwamba mambo yake ni ya hatari, ndani ya uwanja wake, nikiwa nakula karanga zake. Nikauruka.

"Imeisha?"

"Imeisha, bibi."

Alitazama karatasi. "Ndefu," akasema, "na maneno yake machache."

Kesho yake nilikuwa naosha vyombo, nimevaa blauzi isiyo na mikono. Bibi alikuja na ndoo ya maji, akasimama nyuma yangu, halafu ikasikika ndoo inatuliwa chini. Aliniuliza nani amenishika. Nilijitazama. Zilikuwa alama nne, zimepangana, rangi ya zambarau iliyoiva. Alikuwa ananiuliza swali moja tu, na jibu lake lilikuwa neno moja. Ulimi ukakwama. Nilifikiri, nikisema ni wewe, ataumia. Ngoja nitasema baadaye, kwa namna nzuri.

Bibi akaketi kwenye kigoda chake kama mtu aliyekatwa miguu.

"Ni yeye," akasema.

Ndipo kwa mara ya kwanza nikasikia habari za mwenye jina langu. Alikuwa anapika chakula cha kuuza machimboni, na mume wake alikuwa mchimbaji. Alirudi nyumbani siku moja amejaa alama mwilini. Wengine walisema mumewe anampiga. Wengine wakasema ni ndagu, ile dawa ya utajiri ambayo kwayo wachimbaji husemwa wanatoa damu ya mtu wao ili dhahabu ionekane. Halafu damu ikaanza kumtoka. Walimlaza kwenye mkokoteni wa ng'ombe mpaka lami, wakapata lori la kuelekea Isaka, na njia nzima alikuwa amemshika bibi mkono. Bibi akanionyesha: hapa, juu ya kiwiko. Mahali pale pale.

"Hakuniachia," alisema. "Yalipoonekana makontena ya bandari kavu, Isaka, ndipo aliniachia."

Nilimuuliza damu ilianzia wapi.

"Ilianza tu," akasema. Akaniagiza nikaanike michembe, vile vipande vya viazi vitamu.

Tangu saa hiyo nyumba ilibadilika. Kulikuwa na kigoda kimoja ambacho hakuna mwingine anayekikalia, na nilikuwa nimekikalia siku zote bila kuwaza, sasa nilikizunguka. Bibi alipokuwa ananiita kutoka shambani, sauti yake ilipanda mwishoni mwa jina, namna unavyomwita mtu aliye mbali sana, na nilipotokea mlangoni alikuwa anashtuka kidogo, halafu anajifanya kukohoa. Sikujua alikuwa anamwita nani kati yetu. Nilitafuna matobolwa, yale ya viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, makavu magumu, nikasikia ladha ya chuma mdomoni. Fizi. Nikameza kimya. Nikawaza: shangazi naye alimeza hivi, akiwa amekaa hapa. Nilianza kuutazama mkono wangu bila kuwa na uhakika. Nilijua ni bibi aliyenishika, nilikuwepo, nilisikia maumivu. Lakini bibi aliamini kwa nguvu sana, na mimi nilikuwa sijasema kitu, na kila saa ya kutosema ikawa ngumu kuliko iliyotangulia. Mwishowe na mimi nikawa naziona kama vidole vya mtu mwingine.

Siku ya tatu asubuhi alikuja mama mmoja mnene mwenye mwavuli na mkoba mweusi. Nilidhani ni mtu wa kanisani. Wakasalimiana sana na bibi kwa Kisukuma, akaketi, akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Ndiye mgonjwa huyu? Mashavu haya? Basi na mimi niumwe."

"Ni vidonge vya hospitali," bibi akasema.

Alikuwa mfumu, mganga. Alitoa kwenye mkoba kikopo cha mafuta ya mgando chenye dawa nyeusi kama masizi, akakiweka kwenye mkeka, na pembeni yake wembe mpya ukiwa bado kwenye karatasi yake. Bibi alinieleza kwa upole sana. Nitachanjwa viungoni, kifuani na utosini, dawa ipakwe humo, na shangazi ataombwa aachie mkono wangu, aende akapumzike. Alikuwa amemtengea unga ulionyunyizwa uwanjani, na maziwa kwenye kibuyu. Alikuwa amevaa khanga yake nzuri. Naliandika hili ili nisije nikasahau: bibi alikuwa anaogopa kuniona nakufa. Alikuwa anafanya kila alichokijua.

Nilihesabu viungo vyangu. Nilikumbuka tundu moja la sindano na kidole changu kilichokufa ganzi juu ya pamba. Nilikumbuka kwamba kutoka pale mpaka lami ni mbali, na tope limejaa njiani.

Nilikwenda ndani nikaleta daftari. Nikasema karatasi inakataza, nikausoma ule mstari.

Bibi aliinamisha kichwa. "Juzi ulinisomea karatasi hiyo hiyo. Hilo halikuwemo."

"Lilikuwemo, bibi. Nililiruka."

"Uliliruka, au unalitunga sasa?"

Mfumu akacheka, si kwa ubaya. "Wasomi hawa. Wanasoma hata pasipoandikwa."

Kwa nini aniamini? Kwake yeye ile karatasi ilikuwa ni sauti yangu tu, na sauti yangu ilikuwa imeshasema imeisha. Bibi alivuta kiganja changu, akakigeuza, kifundo kikaangalia juu. Akaniambia nisiogope, ni kama kuumwa na siafu. Mfumu akafungua karatasi ya wembe.

Nikauondoa mkono wa bibi kwenye kiganja changu. Sijawahi kumfanyia mkubwa kitu cha namna hiyo. Nilipandisha mkono wa blauzi, nikachukua vidole vyake, nikavilaza juu ya alama, kimoja kimoja. Cha kwanza. Cha pili. Alama ya tatu ilikuwa fupi kuliko wenzake. Kidole chake cha tatu kikaishia pale pale ilipoishia.

"Ni siku ile nashuka kwenye bodaboda," nikasema. "Nilikuwa naanguka. Ulinidaka."

Mfumu aliacha kucheka. Aliinama, akatazama kwa karibu, akagusa ile alama fupi kwa ukucha. "Mama," akasema polepole, "hiki ni kidole chako."

"Mbona hukusema?" bibi akaniuliza.

"Niliona aibu. Ulinishika kwa kunipenda."

Hakuutoa mkono mara moja. Uliendelea kukaa juu ya alama zake, mwepesi kabisa, kama umewekwa na mtu mwingine. Kisha akaunyanyua, akautazama kiganja, akaugeuza akautazama mgongo.

"Na yule," akasema. Kuku walikuwa wanaparura kwenye unga. "Yule naye nilimshika alipofika. Nilifurahi kumwona. Kesho yake ndipo nikaziona zile alama, nikasema mumewe."

Mfumu alisema kitu kwa Kisukuma, kwa sauti ya kumtuliza. Bibi hakumsikia.

"Wembe nilinunua mimi," akasema. "Aliniambia, mayu, sitaki, naogopa. Nikamshika mikono, wakamchanja."

Sikuuliza tena damu ilianzia wapi.

Mfumu aliurudisha wembe kwenye karatasi yake, akaikunja pembe zote kama ilivyokuwa dukani. Alifunga kikopo. Aliposimama alimwambia bibi kwamba yeye siye aliyekuja siku hiyo ya zamani. Akachukua mwavuli, akapiga hatua mbili, akageuka.

"Lakini leo ningemchanja huyu," akasema, akaenda zake.

Sijui kama shangazi alikuwa na ugonjwa wangu. Hakuna aliyempima. Huenda ilikuwa kitu kingine kabisa. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na kila mara naona mkokoteni, na mtu mwenye jina langu juu yake, na damu inayotoka viungoni, mahali padogo padogo ambapo kwa mtu mwingine yeyote pangekauka kabla ya chakula cha mchana.

Nilibaki siku tano. Bibi alinipikia uji wa karanga, akaniondolea matobolwa akanichemshia michembe mpaka ikawa laini, akanikumbusha vidonge kila asubuhi. Ila hakunigusa. Sahani aliiweka chini kwenye mkeka, akaondoka, ndipo niichukue. Siku moja niliteleza kwenye kizingiti, nikaona mkono wake unanyooka, na ukasimama hewani. Nilijishikilia ukutani mwenyewe. Kwenye kile kigoda alianza kukaa yeye, jioni jioni, akautazama mkono wake wa kulia kama watu wanavyotazama simu isiyoita.

Bodaboda ilipokuja kunichukua alisimama mbali kidogo, mikono ameificha ndani ya khanga.

"Bibi, nishike," nikamwambia.

"Mpaka upone."

Daktari alishatuambia kwamba wengine hawaponi kabisa, wanajifunza tu kuishi nao, kwa uangalifu. Sikumwambia hilo. Nilipofika Kagongwa ndipo nilipogundua kwamba nimenyamaza tena.

Wiki iliyopita tulikuwa kliniki. Hamsini na moja. Mama alishukuru Mungu kwa sauti mpaka watu kwenye foleni wakageuka. Daktari alikuwa mwingine, kijana, alianza faili upya. Akauliza kama kwenye ukoo kuna mtu aliyewahi kutokwa damu isiyokoma. Mama akafungua mdomo.

"Yupo," nikasema mimi. "Shangazi. Dada yake baba. Alifariki."

Mama alinitazama kama vile aliyesema ni ukuta.

"Alipimwa?" daktari akauliza, anaandika.

"Hapana. Alichanjwa."

Kalamu ikasimama. Halafu akaandika, mstari mmoja tu, akaniuliza kama mimi nimewahi. Nikasema hapana. Nikasema ilikuwa karibu. Tulipovuka barabara mama aliniuliza, na njia nzima ya kurudi Nyahanga nilimweleza, yote, pamoja na ule mstari niliouruka. Alilia kwa ajili ya bibi. Sikutegemea hilo.

Alama bado zinatokea, si nyingi kama zamani. Kila ikitokea mpya naipimia vidole vyangu kwanza. Bibi hupiga simu kila Jumapili baada ya ibada, kwa simu ya jirani. Hasemi haloo. Hutaja jina, na sauti hupanda mwishoni, halafu hukaa kimya kusikiliza, muda mrefu kuliko inavyohitajika. Nami huacha nafasi kidogo, kama kuna mwingine anayetaka kuitika. Kisha naitika mimi.

"Abee, bibi."